Ukuta Uliopasuka, Mashimo Yaliyozibwa

Abigaëlle Mukendi hakuomba mtu ruhusa ya kuzaliwa. Mama yake, Tshibola, mdogo wangu, alikuwa katika treni ya kwenda Kasai kusalimia wakwe. Treni ikafia Lubudi, na wakubwa wa stesheni wakawaambia abiria wavumilie. Watu wazima walivumilia. Yeye hapana. Alizaliwa ndani ya wagon, kati ya magunia ya mahindi na mbuzi wa mtu, na mama mmoja aliyepanda kuuza samaki wakavu ndiye aliyemkata kitovu. Injini ilipowaka tena, Tshibola alishuka, akarudi Kolwezi na mtoto mgongoni. Alisema wakwe watamwona siku treni itakapojifunza adabu.

Ninaanzia hapo kwa sababu watu wa avenue yetu wanapenda kusema ni shule iliyompa kichwa kigumu. Shule ilimkuta nacho.

Tshibola alikuwa anafanya biashara ya vitenge Dilolo, mpakani na Angola, leo huku kesho kule, kwa hiyo mtoto alikulia kwangu, katika lupango aliouacha marehemu mume wangu: nyumba ya vyumba vitatu, jiko uani, na mparachichi ambao hauzai kwa uvivu tu. Mimi nauza unga nyumba kwa nyumba. Alinisaidia kuchekecha tangu mikono yake haijafika juu ya meza, na alikuwa ananijibu tangu wakati huohuo.

Shule ya msingi kulikuwa na mwalimu mwenye desturi yake: wavulana wabaki na hesabu, wasichana wafagie darasa. Siku ya zamu yake Abigaëlle alifagia sakafu, akafagia madawati, kisha akafagia na ubao. Hesabu zote zikaenda na vumbi. Niliitwa, nikaonyeshwa ubao mtupu kama naonyeshwa maiti.

“Abi, ju ya nini ulifanya vile?”

“Balisema nifagie, Mama Mukubwa.”

Mwalimu alimweka kwenye hesabu kuanzia siku hiyo. Alisema huko ataharibu kidogo.

Alipomaliza sekondari, mjomba wake alikuja kumshauri, amevaa suti yake ya misiba. “Kwetu huku kila kintu iko chini,” alisema. “Shaba iko chini, cobalt iko chini. Soma géologie. Unatafuta nini kule juu?”

“Chini batu bamejaa, Tonton.”

Akaenda Lubumbashi kusoma fizikia. Mjomba akaondoka na suti yake. Mwaka juzi Abigaëlle akarudi kwangu, angali mwanafunzi wa profesa mmoja wa kule, na kompyuta nyeusi nzito kama gunia, kwa sababu kule walikuwa wanalala wanne chumba kimoja na mashine haikuwa na pa kuweka kichwa.

Majirani walitegemea mtu wa nyota akeshe uani ameinua shingo. Abigaëlle analala mapema kama kuku. Kazi yake ni ya mchana, ndani, mbele ya skrini. Mbingu yenyewe inamfikia kwa internet, imekwisha kupigwa picha na wengine. Niliwahi kumuuliza, tukichekecha unga, ni nini hasa anachofanya.

“Mama Mukubwa, mwangaza ya kwanza ya dunia yote ingali inatembea. Ilianza safari mbele ya nyota kuwaka. Macho hayaione, lakini kuko mashine zinaikamata, zingine kule Chile ku milima, zingine zilirushwa juu kabisa.”

“Inatembea inaenda wapi?”

“Inakuya kwetu. Lakini mu njia inapita pembeni ya bintu bizito. Kila kintu kizito kinaivuta kiloko, kidogo tu, inapinda. Na bile bintu bizito, bingi yake habionekane hata na mashine.”

“Kama habionekane, munajua namna gani biko?”

“Ju ya ile kupinda. Mwangaza ikifika huku imepinda, tunajua mu njia kuko kintu kiliivuta. Hiyo njo carte yangu ya kwanza, ramani ya bile bintu bizito.”

“Na ya pili?”

“Ya pili ni ya galaksi. Galaksi ni nyota mingi sana, zinakaa pamoja sawa muji. Bengine balizihesabu, balipiga foto mamilioni na mamilioni. Galaksi zinapenda kukaa kwenye bile bintu bizito biko. Sasa mi naweka carte juu ya carte, naangalia kama zinasema neno moja.”

“Ju ya nini usiamini moja tu, ukalala?”

Akaacha chekecheke. “Carte moja inadanganya, Mama Mukubwa. Ile ya kwanza, mashine inaiwekea makelele yake. Ile ya pili, vumbi ya mbingu inaficha galaksi zingine, tunahesabu bibaya. Zote mbili zinadanganya. Lakini hazidanganye uongo moja. Kwenye zinakubaliana, pale njo kweli.”

Niliona ni akili ya kawaida. Hata mimi mteja akinikana deni sisikilizi mdomo wake peke yake, nakwenda kuangalia sufuria yake.

Alikuwa katika kikundi cha watu wa nchi nyingi, kila mmoja amepewa sehemu yake ya mbingu. Ya kwake alikuwa anaipigia hesabu kwa mashine ile nyeusi. Hesabu yenyewe ni ya siku nyingi mfululizo, na mashine ikizimwa katikati, inaanza upya. Jumatatu fulani wote walikuwa wanakutana kwenye skrini, kila mtu alete yake. Walikwisha kumwambia kwa upole, kwa ule upole wa watu ambao umeme wao haukatiki, kwamba kama Kolwezi ni vigumu, sehemu yake inaweza kupewa mwanaume mmoja wa ng'ambo, amalize yeye. Na jina lake basi litoke katika kazi ya kikundi.

“Baingojee Jumatatu,” alisema. “Halafu basome jina yangu.”

Sasa sikilizeni namna alivyokaa, maana hapo ndipo balaa lilipoingia. Dirisha la chumba chake linatazama barabara, na kwetu makamyoni ya mawe hayapumziki. Vumbi lilikuwa linaingia katika mashine kama unga. Akapigilia bâche nyeusi, turubai la plastiki, juu ya dirisha lote. Umeme tunaujua tabia yake, kwa hiyo nyuma ya jiko akaweka groupe, jenereta ndogo ya kelele kubwa kuliko mwili wake, ikalia asubuhi mpaka jioni na zaidi. Mlango wa chumba ukawa unakwaruza chini. Sakafu ikatoka ufa karibu na kitanda. Nikalaani makamyoni, nikamwita fundi, akaupaka saruji.

Kolwezi, mtu akiziba dirisha kwa bâche nyeusi, akawasha motere mchana kutwa ndani ya lupango, hakuna anayemuuliza afya yake. Wanajua. Ameona cobalt chini ya kitanda na anachimba. Kuna vitongoji vizima vilivyochimbwa hivyo, sebule kwa sebule, mpaka nyumba zikasimama juu ya hewa.

Wa kwanza kuniambia alikuwa Marlène, anayeuza makala, yaani mkaa, kwenye kona. Ni rafiki yangu. Ndiyo maana alinitukana mbele ya wateja.

“Mama Tshiela, unakula peke yako? Hata kutuitia harufu?”

“Nakula nini?”

“Mawe. Batu banasikia nyundo chini ya nyumba. Mutoto yako anachimba, na weye unatuuzia unga na uso ya masikini.”

“Abi anaangalia mbingu, Marlène.”

“Mbingu iko chini ya kitanda?”

Nilicheka. Ningejua, nisingecheka.

Jumatano, chef wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, akaja. Tata Gracien Mwenze ni mtu wa heshima, wa kaskazini ya Katanga, sauti ya kanisani, na siku hizo sifa zake zilikuwa zinaimbwa na kila mtu. Avenue yetu ilikuwa na mashimo ya kumeza mbuzi. Bila kungoja serikali, Tata Gracien alikuwa ametoa udongo, ametoa vijana na bruweti, toroli za kusukuma, na shimo baada ya shimo likazibwa. Madereva wa motó, pikipiki za abiria, walikuwa wanampigia honi ya salamu. Basi alikuja na sifa zake hizo, na nyuma yake nusu ya avenue, na Ariel, mchimbaji, kijana mwenye mabega kama mlango.

“Mama Tshiela, hatuko na vita,” alisema. “Batu banasikia kazi chini ya udongo. Nyumba zitaanguka. Tufungulie chumba tu.”

Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu. Abigaëlle akafungua mlango.

“Ingia, Tata chef. Vumbi mufute ku mulango.”

Waliingia. Wakaona skrini, meza, kitanda. Wakaangalia skrini, madoa mekundu na ya buluu, na mmoja akasema hiyo ni carte ya mgodi. Wakasogeza kitanda. Na chini ya kitanda, jamani, saruji mpya, mbichi, ya kijivu kabisa.

Tata Gracien akaigusa kwa ncha ya kiatu.

“Njo shimo hii,” alisema Tata Gracien kwa huzuni ya mtu anayefurahi. “Bameziba juu.”

“Ni ufa,” alisema Abigaëlle. “Nyumba inapasuka, tuliziba ufa.”

“Kila mutu anasemaga vile.” Akamgeukia Ariel: “Zima ile motere.”

Ariel akatoka uani. Abigaëlle akamfuata mbio, “Tata Ariel, usiiguse, hesabu inakufwa,” lakini mkono wa Ariel ulikuwa umekwisha kufika. Groupe ikakohoa, ikanyamaza. Betri ya kushikilia mashine ilikuwa nayo imekwisha kulegea siku hiyo. Ndani, skrini ikawa nyeusi.

Nilimwangalia mtoto wangu. Nilifikiri atalia, nikajiandaa kumshika. Alikuwa ametazama juu kidogo, midomo inatembea. Alikuwa anahesabu kama kutoka pale mpaka Jumatatu muda ungali unatosha.

“Jumamosi asubuhi tutakuya na nyundo,” alisema Tata Gracien. “Tutavunja hii ciment mbele ya bote. Mpaka pale, motere ikae kimya. Ni amri.”

Abigaëlle akainama, akashika kamba ya groupe, akavuta. Ikawaka mara ya kwanza, na haijawahi kuwa na tabia hiyo.

“Jumamosi mukuye na nyundo,” alisema juu ya kelele. “Mutanikuta hapa. Na yenyewe mutaikuta inalia.”

“Mwana, nimesema amri.”

“Nilisikia, Tata chef. Sikukubali.”

Mzee mmoja akasema wasichana wa siku hizi wanahitaji mume. Marlène, aliyekuwa amekuja kuona mawe, akamjibu: “Weye uko na mabibi babili na ungali mu avenue unaangalia kitanda ya batu.” Watu wakacheka, wakatawanyika. Lakini Jumamosi ilibaki palepale.

Nilichukua kigoda na mchi wangu wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, nikakaa mbele ya groupe. Nilikuwa ninapimia wateja unga kutoka hapo.

Kesho yake mchana mafuta yakaisha. Sasa betri ilikuwa imechajiwa, ikashikilia mashine wakati tunajaza. Groupe kimya. Mimi niko na bidoni, Abigaëlle ameshika faneli. Ndipo tukasikia. Kutoka chini. Kò. Kò. Kò. Halafu kama jiwe linaburuzwa.

Tuliingia chumbani, akalala kifudifudi, sikio kwenye saruji.

“Bako bengi,” alisema.

Basi majirani hawakuwa waongo. Walikosea mlango tu. Mtu alikuwa kweli anachimba, na alikuwa amefika chini ya kitanda chetu, na sisi wenyewe tulikuwa tumefunika sauti yake kwa kelele yetu.

“Nakwenda kumwita Tata Gracien,” nilisema.

“Umwambie nini? Kwamba chini ya nyumba yetu kuko shimo? Njo neno anangojea.” Aliamka, akajipangusa vumbi magotini. Halafu nikamwona anaacha kuangalia sakafu, anaangalia ukuta wa nje kupitia mlango. “Mama Mukubwa, unaingiaga nyumba zote za avenue?”

“Nani asiyekula bukari ya unga wangu?”

“Basi enda na unga. Uliza kila mutu: ukuta gani imepasuka, mulango gani haifunge, tangu lini. Mi siwezi kuacha mashine.”

Nilikwenda. Nisikilizeni: ukitaka kujua siri za watu, waulize juu ya mlango usiofunga. Kila mwanamke alikuwa na wake. Mmoja alinionyesha ufa nyuma ya picha ya harusi. Mwingine alikuwa anaegemeza mlango kwa jiwe na alikuwa anamlaumu seremala. Mama yake Ariel alikuwa na ufa kutoka dirishani mpaka chini, ameupachika kalenda ya kanisa. Nilirudi jioni na beseni tupu. Abigaëlle akachukua kipande cha kaa, akachora avenue yote juu ya ukuta wangu wa uani, nyumba kwa nyumba, na kila ufa akauwekea mstari.

Mistari ilikuwa imejaa kila mahali. Mimi nilivunjika moyo.

“Hii haisemi kitu. Hata Marlène ana ufa.”

“Ya Marlène ni ya nini?”

“Ya bwana yake. Alijenga bila msingi.”

“Unaona. Carte moja inadanganya.” Alikuwa amesimama mikono kiunoni, ana kaa mpaka puani. “Tunahitaji ingine. Kutoka njia ingine kabisa. Ukichimba, ukuta unapasuka. Na kintu gani tena?”

“Udongo unatoka.”

“Udongo unatoka. Mingi. Na mutu anauweka wapi, batu basione?”

Tuliangaliana. Motó ikapita barabarani, ikapiga honi ya salamu mbele ya nyumba ya Tata Gracien.

“Katika mashimo ya barabara,” nilisema.

Ijumaa asubuhi nilitembea avenue kichwa chini kama mtu aliyeangusha hereni. Udongo wa juu kwetu ni mwekundu, kila mtoto anaujua. Ule uliokuwa katika mashimo ya barabara ulikuwa wa kijivu, na ndani yake vijiwe vya kijani, vile ambavyo havizaliwi juani. Tulikuwa tumeukanyaga na kuushukuru kila siku. Si kila shimo: lile la mbele ya paroisse lilizibwa na waumini kwa udongo mwekundu, na la karibu na makala ya Marlène lilizibwa kwa takataka za Marlène. Lakini ule wa kijivu ulikuwa na mahali pake. Bruweti inachosha mikono. Mwenye udongo anaziba kwanza mashimo ya karibu na kwake, anayaziba vizuri, anayajaza mpaka yanavimba. Ya mbali anayapa nusu.

Abigaëlle akaweka mashimo ya kijivu juu ya ukuta uleule, kwa chokaa nyeupe. Ufa wa Marlène ukabaki peke yake, hakuna chokaa pale. Shimo la paroisse likabaki peke yake, hakuna kaa pale. Lakini mahali kaa na chokaa vilipokutana, palikuwa na njia moja iliyonyooka kama kamba: ilianzia jikoni kwa Tata Gracien, ikapita chini ya nyumba ya mama yake Ariel, chini ya nyumba mbili nyingine, ikaja kusimama kwenye chumba cha mwenye bâche nyeusi.

“Tumushtaki leo,” nilisema.

“Hapana. Alisema Jumamosi, mbele ya bote.”

Jumamosi walikuja wote. Wengine walikuja na vigoda. Ariel alikuwa na nyundo kubwa begani. Groupe ilikuwa inalia. Abigaëlle alisimama mbele ya ukuta wa uani, amevaa kitenge cha mama yake na viatu vya plastiki.

“Tutavunja,” alisema. “Mi nakubali. Lakini kwanza kila mutu atafute nyumba yake hapa ku ukuta.”

Nani anakataa kutafuta nyumba yake? Wakasukumana. “Mi njo hii.” “Na hii ufa yangu, nani alikwambia?” Akawaeleza kaa, akawaeleza chokaa, kwa maneno yaleyale aliyonieleza mimi juu ya mwangaza na galaksi, ila sasa hakuna aliyemuuliza mbingu iko wapi. Aliwaonyesha ufa wa Marlène.

“Hii ni ya bwana yangu,” alisema Marlène kwa fahari. “Ile mupumbavu.”

Halafu kidole cha Abigaëlle kikafuata njia, polepole, na vichwa vyote vikafuata kidole. Kilipofika mwanzo wake, watu wakageuka kumwangalia Tata Gracien.

“Ni kaa ya mutoto hii,” alisema. “Kaa ku ukuta. Sasa tutahukumu mutu na kaa?”

“Siyo na kaa,” alisema Abigaëlle. “Fungua jiko, Tata chef. Mi nilifungua chumba.”

“Jiko ni ya bibi yangu. Mwanaume haingize batu mu jiko ya bibi.”

Hapo ndipo Mama Godelieve, mke wake, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa na kanga ya mgongoni imefunika mdomo, akasimama. Ni mtu wa maneno machache. Miaka yote hiyo hatukumsikia akibishana hata juu ya bei.

“Ingieni,” alisema. “Mi nimechoka kupikia kwa batu.”

Na kweli, tukakumbuka. Tangu masika alikuwa anaomba moto huku, anaomba jiko kule, leo kwangu, kesho kwa Marlène, anasema jiko lake linavuja. Tulikuwa tumempa jiko bila kumuuliza, maana ni desturi, mwanamke haulizwi juu ya paa lake.

Tukaenda wote mpaka kwake. Jikoni hapakuwa na mafiga. Palikuwa na bâche, kamba, ndoo, na shimo linaloingiza mtu na mabega yake. Tata Gracien alisema ni choo.

“Choo mu jiko?” alisema Marlène. “Bien. Unapunguza safari.”

Kutoka chini kichwa kikatokea, cheupe kwa vumbi, kikaomba maji ya kunywa, na wenzake wakapanda nyuma yake mpaka wa mwisho.

Ningependa kusema kwamba watu walikasirika. Walikasirika, ndiyo, kwa muda wa kumeza mate. Kisha Ariel akaokota jiwe katika ndoo, akaligeuza juani, akalipima kwa kiganja, na nikaona uso wake unabadilika, na nyuso nyingine zinabadilika pamoja nao.

“Hii ni muzuri,” alisema. “Hii ni muzuri sana.”

“Kama iko chini ya avenue yetu,” alisema yule mzee wa wake wawili, “basi ni ya avenue. Tugawanye.”

Tata Gracien akapata tena sauti yake ya kanisani. “Njo nilikuwa nataka kuwaambia.”

Watu wakaanza kusogea upande wake. Mimi mwenyewe, sitadanganya, nililiangalia lile jiwe. Abigaëlle akaingia katikati, mgongo wake kwa shimo, na ikawa ni lazima umsukume yeye ili uone ndani.

“Hakuna kugawanya,” alisema. “Hii udongo inarudi chini. Leo.”

“Weye nani?”

“Mi mutu analala juu yake. Na si mi peke yangu.” Akamwangalia Ariel. “Tata Ariel, uliona nyumba yenu ku ukuta? Mama yako analala wapi?”

Ariel akageuka kuangalia upande wa nyumba yao.

“Kitanda yake iko upande ya kalenda,” nilisema mimi. “Nilipeleka unga juzi.”

“Basi gawanyeni,” alisema Abigaëlle. “Anza kuchimba, Tata Ariel, nyundo unayo. Lakini kwanza enda umwambie asogeze kitanda. Umwambie ju ya nini.”

Nyundo ilikaa begani muda mrefu. Halafu Ariel akaishusha, akalirudisha jiwe katika ndoo, na ndoo akaimwaga shimoni. Mawe yakachukua muda kufika chini, na ule muda ndio uliowashawishi waliobaki. Kila mtu alisikia ni umbali gani.

Tata Gracien alibaki chef. Kumtoa chef ni kazi kuliko kuchimba cobalt. Lakini udongo ulirudi. Na udongo wenyewe ulikuwa wapi? Katika mashimo ya barabara. Vijana walewale na bruweti zilezile wakaufukua, wa karibu kwanza, na Mama Godelieve alisimama mlangoni anahesabu kila bruweti iliyoingia jikoni kwake.

Jumatatu Abigaëlle alikaa mbele ya skrini. Hesabu iliisha asubuhi ileile, chai ingali moto. Aliwaeleza kwa Kifaransa na kwa lugha ile nyingine yao, nami nilikuwa mlangoni na mchi wangu, asije mtu akaigusa groupe. Baadaye aliniambia carte zake mbili zilikubaliana, lakini vitu vizito vilikuwa vimejikusanya kidogo pungufu kuliko hesabu ya zamani inavyotaka, na mkubwa mmoja wa kikundi alisema labda amekosea.

“Na weye ulisemaje?”

“Nilisema anionyeshe kosa. Hana. Kama labda nilikosea, atafute. Mi naendelea na upande ingine ya mbingu.”

Jina lake likabaki. Bâche bado iko dirishani, maana vumbi halikuhukumiwa. Mlango bado unakwaruza. Na avenue imekuwa mbaya kuliko zamani, mashimo ya kumeza mbuzi na mwenye mbuzi, na wale waliomshukuru mtoto wangu wiki ya kwanza wanamlaani wiki hizi kila wakikanyaga maji.

Juzi dereva mmoja wa motó alisimama mbele ya lango letu, abiria amelowa mpaka kiunoni, akaita kwa hasira mpaka Abigaëlle akatoka.

“Ni weye ulirudisha haya mashimo?”

“Njo mi,” alisema. “Pita polepole.”

Akarudi ndani. Groupe ilikuwa inalia.